Ua linakunja kitambaa

SWALI: Shikamoo shangazi, mi niko Ujiji, nadarizi maua kwenye foronya kwa mkono ila nikitoa tu fremu ya kukazia kitambaa, kitambaa kinajikunjakunja kuzunguka ua, nafanyaje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo unakaza uzi mno, ukishachoma sindano vuta taratibu mpaka uzi ulale tu juu ya kitambaa basi, usiendelee. Alafu huo uzi wa kudarizi ndani una nyuzi 6, usiingize zote, chomoa 2, moja moja ili zisijisokote, ndo uziunganishe, kwa kweli petali zinatulia vizuri sana! Kitambaa cha pamba kifue kwanza ukipige pasi ndo uchore, maana kikisinyaa baadae ua lote linavutika. Na ukipumzika toa fremu.