Bango Lako Lijieleze Lenyewe

Tangu nitangaze kwamba bango langu limechaguliwa kwenye maonyesho ya mashindano ya kimataifa ya usanifu wa michoro, ambayo mada yake ni ukinzani, yaani mambo mawili yanayopingana yakikaa pamoja, wengi mmeniuliza: mada ya namna hii mtu anaianzaje? Nimefurahi mno, jamani, na siku hii nimeisubiri muda mrefu. Acha nieleze.

Mada kama hii ikitajwa, wabunifu wengi hukimbilia pembetatu isiyowezekana, ile inayochorika karatasini lakini haiwezi kuundwa, na ngazi zisizo na mwisho, zinazopanda na kurudi palepale zilipoanzia. Msanii wa Sweden, Oscar Reutersvärd, aliichora pembetatu hiyo mwaka 1934, na Escher, mchoraji wa Uholanzi, akachora ngazi zake mwaka 1960. Majaji wameshaziona mpaka wamechoka. Mimi ninayemfuata ni Shigeo Fukuda, mbunifu wa mabango wa Japani. Bango lake "Victory 1945" lilipata tuzo kuu Warsaw mwaka 1975, kwenye mashindano ya kuadhimisha miaka 30 tangu Vita Kuu ya Pili iishe. Mtutu mweusi, na risasi iliyogeuka, ncha yake ikielekea ndani ya mtutu ilikotoka. Basi. Hata mtoto anaelewa.

Langu lilitoka mtaani. Nimekulia Dar es Salaam, bahari tunaiona tukiwa barazani, lakini maji tulinunua kwa dumu, kwa muuzaji wa mkokoteni. Mama alipima maji ya kupikia kwa kikombe huku upepo wa bahari ukipeperusha pazia la jikoni. Kwa hiyo nilichora bahari karatasi nzima, buluu kona hadi kona, na katikati nikaacha umbo la dumu la lita 20, jeupe, bila hata tone. Nilijaribu kuweka mkokoteni, nikajaribu watoto na ndoo. Kila nilipoongeza kitu bango lilipoa, nikavifuta vyote.

Bosi wangu wa wakati huo alilitazama, akaniuliza mbele ya wenzangu kama nafungua biashara ya maji. Wakacheka. Kicheko kile bado kinaniuma, sitaficha. Lakini majaji wasiojua neno hata moja la Kiswahili wamelielewa.

Ndugu zangu, tuache kudharau tulicho nacho! Tumelelewa tukiambiwa haraka haraka haina baraka, na mzee huyohuyo akigeuka anasema ngojangoja huumiza matumbo. Ukinzani tunao majumbani, kwa nini tuuazime? Tazama kwenu kwanza. Ukishachora, mwonyeshe mtu asiye wa fani yetu, kisha nyamaza. Akihitaji ufafanuzi, rudi mezani. Narudia: usimfafanulie, rudi mezani.

Faili nalo liandae kwa rangi za CMYK, yaani wino nne za uchapishaji (samawati, majenta, njano na nyeusi), kama bango litachapishwa. Buluu inayong'aa kwenye skrini hufifia ikifika kwenye karatasi. Nilichapisha nakala ya majaribio Kariakoo, nikaiona bahari yangu imekuwa ya kijivu, nikairekebisha kabla ya kutuma. Gharama yake ni ndogo, usiikwepe.

Na masharti yasome yote, hasa ya hakimiliki. Yapo mashindano ambayo waandaaji huchukua haki za kazi zote zilizotumwa, hata zisizoshinda. Ukikuta sharti la namna hiyo, usitume, hata kama zawadi ni nono na tarehe ya mwisho ni kesho.