Laini ni ya megabiti 100, mbona faili linapakuliwa kwa 3.5?

SWALI: Mimi ni fundi wa mitandao. Ofisini tuna laini ya megabiti 100 kwa sekunde, lakini faili kutoka seva yetu iliyoko Ulaya halizidi megabiti 3.5. Mtoa huduma anasema laini ni nzima. Hesabu niliishia kidato cha nne. Nikitaka kuelewa hesabu za mitandao, nianzie wapi?

JIBU: Ndugu, anzia hapo hapo ulipokwama. Piga ping seva hiyo, yaani pima muda ambao pakiti (kipande kidogo cha data) hutumia kwenda na kurudi. Tuseme ni sekunde 0.15. TCP, utaratibu unaosafirisha data za faili, hutuma kiasi fulani cha data, kinachoitwa dirisha, kisha hungoja kompyuta yako ithibitishe kuwa imepokea. Dirisha la asili halizidi baiti 65,535. Zidisha kwa 8, gawanya kwa 0.15: unapata takriban megabiti 3.5 kwa sekunde. Kumbe mtoa huduma huenda anasema kweli. Ili laini yako ijae, biti milioni 15 zinatakiwa ziwe njiani kwa wakati mmoja, karibu megabaiti 1.9.

Nyongeza ya kupanua dirisha ipo tangu 1992, na kompyuta za leo zinayo. Ndiyo maana nashuku fayawoli (kizuizi cha ulinzi wa mtandao) ya zamani inaifuta. Fungua Wireshark, programu ya kuonyesha pakiti zinazopita, kagua SYN na SYN-ACK (pakiti mbili za kwanza za kufungua muunganisho) pande zote mbili za fayawoli, utafute “Window scale”. Ikionekana upande mmoja na kukosekana upande wa pili, mhalifu umempata.

Hadi hapo umetumia kuzidisha na kugawanya tu. Hatua inayofuata iwe hesabu za uwezekano, wala usikimbilie kalkulasi. Agner Erlang, mwanahisabati wa Denmark, alizitumia Copenhagen mwaka 1909 kwa simu, na ndizo zinazoeleza foleni ndani ya ruta, vifaa vinavyoelekeza pakiti. Katika modeli rahisi kabisa, laini ikitumika kwa asilimia 50, pakiti hukaa mara 2 ya muda ambao ingetumia kutumwa ikiwa peke yake. Kwa asilimia 90, mara 10. Kwa 99, mara 100. Mafundi wengi huona asilimia 90 ni matumizi mazuri. Si mazuri, hasa kwa simu za sauti, maana pakiti halisi huja kwa mafungu na foleni huwa mbaya zaidi.

Baadaye soma grafu, yaani hesabu za nukta zilizounganishwa kwa mistari, uifanye kanuni ya Dijkstra ya 1959 ya kutafuta njia fupi zaidi kwa mkono, kwa ruta tano, kisha ulinganishe na njia zinazochaguliwa na OSPF, utaratibu ambao ruta hutumia kuchagua njia. Logarithimu zisubiri utakapoanza kufunga redio za mtandao, maana nguvu ya mawimbi yake hupimwa kwa desibeli, ambazo ni logarithimu.