Jibu: Gemu ya upelelezi yenye watu halisi

Mkuu, umeuliza gemu ya kusoma, ya upelelezi, yenye picha za watu halisi badala ya katuni, na wahusika wakuu zaidi ya mmoja. Tafuta 428: Shibuya Scramble. Ilitoka Japani mwaka 2008 kwenye Wii (mashine ya gemu ya Nintendo), ya Kiingereza ikaja 2018 kwa PS4 (mashine ya gemu ya Sony) na kompyuta.

Binti katekwa, na siku moja ya Tokyo unaishi kupitia watu watano: askari kanzu, kijana aliyewahi kuongoza genge, mtafiti wa virusi, mwandishi wa habari mwenye kelele, na mtu aliyevaa vazi la paka. (Huyo wa paka usimdharau.)

Utamu uko hapa. Chukulia konda wa daladala pale Buhongwa, Mwanza, kagombania chenji, gari likachelewa, na mama aliyekuwa ndani akakuta samaki wameshaisha soko la Mwaloni Kirumba. Ndivyo inavyokwenda. Unamchagulia huyu jambo dogo, yule mwingine anakufa. Inabidi urudi nyuma ukabadilishe uamuzi wa mtu ambaye hata hamjuani. Mimi nilikwama karibu saa nzima nikimlaumu askari, kumbe kosa lilikuwa kwa mwingine kabisa.

Kiingereza chake kingi, kaa na kamusi. Mwanzo unajikokota kidogo, vumilia. Ila ukishaishusha huhitaji bando, na kompyuta ya kawaida inaimudu. Ila sevu mara kwa mara, umeme wetu unaujua.