Chora kwanza, pembe baadaye: x hasi itakupeleka kwenye mikorosho ya watu

Mkuu, simama hapo hapo! Umegeuza x na y za mawe ya mpaka kuwa umbali na pembe, ukapata nyuzi -36.87: hiyo pembe usiende nayo shambani.

Umesema kutoka jiwe la kwanza hadi la pili x ni -120 na y ni 90. R yako, yaani umbali, ya mita 150 ni sahihi: 14,400 jumlisha 8,100, kipeuo cha pili ni 150. Pembe ndiyo msiba.

Ukigawanya 90 kwa -120 na kubonyeza tani kinyume (tan⁻¹, inayogeuza y kwa x kuwa pembe), kikokotoo kinaona -0.75 tu. Hakijui hasi ilikuwa ya x au ya y, na siku zote kinajibu kati ya -90 na 90, yaani kulia kwa mhimili wa y. Wewe uko kushoto juu, chenyewe kinakutuma kulia chini. Ukipima mita 150 kuelekea huko, jiwe limekosewa kwa mita 300. Ndivyo nilivyochimbia bikoni (jiwe la mpaka) katikati ya mikorosho ya jirani kule Tandahimba, msimu wa salfa. Mwenyewe akatokea na bomba mgongoni, nusura anipulizie salfa kama ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho.

Aliyeniponza ni bwana mmoja wa tuisheni. "Tani kinyume ya y kwa x, basi!" Mifano yake yote x chanya, y chanya; ingemkatalia wapi? Ada alikula yeye, fidia nikalipa mimi.

Kwa hiyo: chora msalaba wa mihimili ya x na y, weka nukta yako, ndipo ushike kikokotoo. X hasi, ongeza 180 kwenye jibu la kikokotoo. Yako inakuwa 143.13. X chanya na y hasi, ongeza 360. X ikiwa sifuri usigawanye kabisa, angalia mchoro: juu ni 90, chini 270. Kwenye Excel ipo ATAN2, fomula inayopokea x na y zote mbili, inataka x kwanza, wakati Python inataka y kwanza, na zote zinatoa radiani (kipimo kingine cha pembe), siyo nyuzi. Hata hizo, chora kwanza.

Tena usiiweke 143.13 kwenye dira! Hiyo imehesabiwa kutoka mashariki kinyume cha saa. Dira huanzia kaskazini kufuata saa. 90 toa 143.13, ongeza 360: 306.87. Hapo ni kama x yako ni mashariki na y kaskazini.

Uliuliza na habari za ekari sijui, nilipoiona hiyo pembe nikapagawa, wengine watakusaidia. Mchoro uko wapi? Piga picha uweke hapa kabla hujamlipa mtu wa kuchimba.