Kompyuta kumi ofisini Jinja: waya au Wi-Fi?

Dada, umeuliza kama kompyuta kumi za ofisi yenu hapo Jinja zitumie Wi-Fi tu. Hapana. Vuta waya wa mtandao aina ya Cat6 hadi kila meza, kila mmoja usizidi mita 100, yote iishie kwenye swichi ya mtandao (kisanduku kinachounganisha waya zote) ya poti 16, yaani matundu 16 ya waya, ili ibaki nafasi ya printa na mashine mtakazoongeza. Wi-Fi iwe ya simu. Wageni wapewe yao, isiyofika kwenye mafaili ya uhasibu.

Ila kinachonitia wasiwasi zaidi ni umeme kukatika, na radi za huku ziwani. Ruta na swichi zikae kwenye UPS, ile betri inayoshika umeme ukikatika. Waya wa kwenda lile jengo la nyuma uwe wa faiba (nyuzi za kioo zisizopitisha umeme), tafadhali, maana wa shaba unaweza kuingiza radi mpaka ndani ya mashine.