Maswali ya Dawa: Artane, Piriton na Atropini

Barua tatu za safari hii zinagusa ukoo mmoja wa dawa: zile zinazozuia asetilikolini, kemikali ambayo mishipa ya fahamu huitumia kuendesha mate, utumbo, kibofu, mboni ya jicho na hata jasho.

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana miaka 22. Alianzishiwa haloperidoli kwa ugonjwa wa akili. Siku ya tatu shingo ilimpinda na macho yakageuka juu. Hospitali walimchoma sindano, akatulia, wakamwongezea Artane. Mwaka sasa anameza kidonge cha miligramu 2 mara tatu kwa siku. Choo hapati, maandishi madogo hayaoni, na juzi jua lilimwangusha shambani. Tuiache? (Dada mtu, Singida)

JIBU: Marahaba. Msiikatishe kwa siku moja, na haloperidoli msiiguse kabisa, maana ndiyo inayotibu ugonjwa. Lakini una haki ya kuhoji hiyo Artane, ambayo kwenye kopo la hospitali huandikwa benzhexol.

Haloperidoli hufunga dopamini, kemikali nyingine ya ubongo, asetilikolini ikabaki bila wa kuizuia, misuli ikakakamaa. Huwapata zaidi vijana wa kiume, tena siku za mwanzo au dozi inapopandishwa. Artane hurudisha uwiano. Kwa hiyo ni dawa ya muda: baada ya miezi mitatu hivi wengi hawaihitaji tena. Bahati mbaya, kliniki nyingi zikishaiandika kwenye daftari, kila mwezi hunakiliwa tu bila mtu kuuliza.

Mwombeni daktari aipunguze taratibu. Mpango wa kawaida ni kuanza kuondoa kidonge cha jioni, ambacho pia huharibu usingizi, kukaa wiki mbili, kisha cha mchana, mwisho cha asubuhi. Akiikatisha ghafla atapata kichefuchefu, jasho na kukosa usingizi, na shingo inaweza kupinda tena. Njiani mtazameni anavyotembea. Mikono isiponing'inia na kupeperuka kama zamani, akaburuta miguu au udenda ukamtoka, mrudi hatua moja nyuma na kumweleza daktari. Huenda kinachotakiwa ni kushusha haloperidoli au kuibadilisha. Na kama shida yake ni kutotulia, anainuka na kukaa kila dakika, Artane haisaidii sana. Akianza kutafuna hewa na kuchezesha ulimi bila kutaka, Artane huzidisha.

Kuanguka shambani kusiwapite hivi hivi. Dawa hii huzuia jasho, na mwili usiotoka jasho haupoi. Alime asubuhi, saa nne awe kivulini. Ngozi ikiwa ya moto na kavu huku anaongea ovyo, mmwagieni maji, mpepeeni, mumkimbize hospitali. Siku tatu bila choo na tumbo limejaa, vilevile msisubiri. Vidonge vihesabuni na kuvifungia: vijiweni vinatafutwa kwa ajili ya kulewa.

SWALI: Mzee wetu ana miaka 74, ana tezi dume na kisukari. Hupewa amitriptilini miligramu 25 usiku kwa miguu kuwaka moto. Alipopata mafua nikamnunulia Piriton. Siku ya pili mkojo ulikataa, tumbo la chini likavimba, na usiku akawa anaongea na watu wasiokuwepo. Ni malaria imepanda kichwani? (Mwana wake, Mombasa)

JIBU: Malaria ipimwe, ila picha uliyoieleza ni ya dawa mbili za ukoo huu kukutana. Amitriptilini peke yake hukausha kinywa na kulegeza kibofu. Piriton ikaongeza juu yake. Kibofu kilicholegea hakiwezi kuusukuma mkojo kupita tezi iliyovimba, na ubongo wa mzee huvurugwa na dozi ambayo kijana angeisikia kama usingizi tu. Mkojo uliokataa huhitaji mpira wa kuutolea hospitalini siku hiyo hiyo, si maji mengi wala dawa ya kukojoza. Piriton iachwe, na amitriptilini ijadiliwe upya.

Dukani, taja tezi dume kabla hujataja mafua. Prometazini na Buscopan ziko kwenye kundi hilo hilo, pamoja na dawa nyingi za mafua zenye mchanganyiko. Mwenye presha ya macho naye ajihadhari: jicho jekundu linalouma, na taa kuonekana na duara la rangi, ni dharura. Kwa mafua ya mzee, parasetamoli na maji ya chumvi puani vinatosha.

SWALI: Jirani alinyunyizia pamba dawa ya wadudu bila kujikinga, akaanguka akitokwa povu. Hospitali walimchoma atropini tena na tena hadi akaweweseka. Walizidisha? (Msomaji, Kahama)

JIBU: Huenda kidogo, ila woga wa kuzidisha huua wengi zaidi. Sumu za wadudu za jamii ya oganofosfati huacha asetilikolini irundikane: mboni hubana kama tundu la sindano, moyo hupungua kasi, mapafu hujaa majimaji. Atropini huizuia: mtu mzima huanza na miligramu 1 hadi 3 kwenye mshipa, na kila dakika 5 dozi huongezwa maradufu hadi mapafu yakauke na mapigo yavuke 80 kwa dakika. Mboni si kipimo cha kusimamia. Akianza kuweweseka na kupata homa, tumbo likanyamaza, dripu ya atropini husimamishwa kwa muda, kisha huendelea kwa kasi ndogo.

Nyumbani mvueni nguo zote, mwogesheni kwa sabuni na maji mengi, mkivaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Msimtapishe wala kumpa maziwa. Chupa ya dawa iende naye. Akipata nafuu asiruhusiwe mapema: udhaifu wa misuli ya shingo na ya kupumulia huweza kuja kati ya siku ya kwanza na ya nne, na atropini haiugusi. Asiyeweza kuinua kichwa kutoka kwenye mto anahitaji kukaa karibu na mashine ya kupumulia.