Mkuu, usilipie hiyo hoteli ya "Venice" kabla hujasoma postikodi

Mkuu, subiri kwanza. Hiyo hoteli uliyoiweka hapo juu, "Venice, dakika tano kwa miguu kutoka stesheni, nusu ya bei za wengine", umeshalipa au bado? Kama bado, ficha kadi. Umeuliza pia habari za gondola, maji kujaa mwezi wa kumi na moja na mahali pa kula, sawa, lakini hili la hoteli limenipandisha presha.

Venice ina stesheni kuu mbili. Venezia Mestre iko bara, kwenye mji wa kawaida kabisa wenye magari, maghorofa na mataa ya barabarani. Venezia Santa Lucia ndiyo iko kisiwani. Ukitoka mlangoni tu, Canal Grande, ule mfereji mkuu wa mji, hiyo hapo mbele yako. Kati ya stesheni hizo mbili kuna daraja refu juu ya maji, treni zinalipita tangu 1846 na magari tangu 1933. Sasa wenye hoteli za Mestre wanaandika "Venice" kifua mbele, na huwezi kuwashtaki, maana Mestre ilitiwa ndani ya manispaa ya Venice mwaka 1926. Kwenye karatasi hawajadanganya. Dakika tano kutoka stesheni? Kweli. Stesheni ipi, hawasemi.

Mimi wakala wa safari (simtaji, anajijua, na kama yumo humu asome vizuri) aliniingiza mjini, tena mji usio wenyewe. Nilimuuliza wazi kama hoteli iko kwenye maji. Akanijibu kama mtu aliyezaliwa kule: "Kaka, ukifungua dirisha tu unaona boti." Nikalipa yote, ile bei nafuu ambayo hela hairudi hata ufe.

Treni ikasimama Mestre, nikachungulia nikaona maegesho ya magari, nikamwambia mama watoto tulia, siyo hapa. Tukaenda hadi Santa Lucia. Pale raha tupu: kuba la kijani la kanisa la San Simeone Piccolo ng'ambo ya mfereji, mama watoto anapiga picha, mimi najiona mjanja wa karne. Tukapanda daraja la Ponte degli Scalzi na mabegi. Yale magurudumu ya begi, mkuu, kwenye ngazi za mawe ni pambo. Unabeba mkononi kupanda, unabeba mkononi kushuka, na mji huo una madaraja zaidi ya 400. Tukazunguka vichochoroni mpaka begi moja likang'oka mpini. Mwisho nikamwonyesha karatasi mzee mmoja wa kibanda cha magazeti. Akavua miwani, akaisogeza karatasi karibu na pua, akaweka ncha ya kalamu juu ya postikodi, 30172, halafu akaielekeza kalamu ileile kule tulikotoka. "Treno," akasema, akarudi kwenye magazeti yake.

Boti niliiona, nisiwe mwongo. Ilikuwa kwenye kalenda pale mapokezi, tulipoifikia hoteli yenyewe kule Mestre. Dirisha la chumba lilitazama maegesho yaleyale.

Kesho yake tukachukua chumba kingine kisiwani, wilaya ya Cannaregio, kwa bei ya mtu aliyekwama, na cha kwanza hakikurudishwa hata senti. Watu wawili tunalipia vitanda vya watu wanne. Wakala nikampigia, akaniambia "lakini si ni Venice hiyohiyo?" Nikakata simu kabla sijasema neno la kufungiwa akaunti humu.

Kwa hiyo shika hili: soma postikodi kabla ya picha. Cannaregio ni 30121, Castello 30122, Dorsoduro 30123, San Marco 30124, San Polo 30125, Santa Croce 30135. Hizo ndizo wilaya sita za mji wa zamani. Ukiona 30171 mpaka 30174, hiyo ni Mestre, hata waweke picha ya gondola ukurasa mzima. Anwani ikianza na "Via" (yaani mtaa, kwa Kiitaliano) shtuka pia, maana kisiwani mitaa karibu yote inaitwa kwa majina ya kwao: calle, fondamenta au salizada. Via Garibaldi kule Castello ni ya kuhesabika. Na ukishapata ya kisiwani, usiridhike na namba ya mlango. Namba zinahesabiwa kwa wilaya nzima, siyo kwa mtaa, Castello zinapita 6000. Waulize wenye hoteli: kituo gani cha vaporetto (zile boti za abiria) kiko karibu, na kutoka hapo hadi mlangoni kuna madaraja mangapi. Asiyejibu la madaraja, achana naye.

Najua atatokea mtu hapa chini aseme Mestre ni nafuu na treni ni kama dakika kumi tu. Kweli kabisa, kama unajua unachonunua. Lakini umesema unampeleka shemeji akaone mji, na mji wenyewe uko asubuhi na usiku. Mchana Rialto na San Marco ni kusukumana. Jioni wageni wa siku moja wakirudi bara, unabaki na wenyeji, ambao kisiwani hawafiki 50,000 siku hizi. Alfajiri nilisimama darajani nikimtazama jamaa wa mizigo: mkokoteni wake una vigurudumu viwili vya ziada mbele, anaviegemeza kwenye ngazi, anavuta, ngazi moja moja, anapiga kelele "Attenzione!" na kreti za maji zinagongana. Ukilala Mestre, saa hiyo uko kwenye foleni ya chai.

Gondola: bei rasmi yuro 90 kwa nusu saa, kuanzia saa moja jioni 110 kwa dakika 35, na ni ya chombo kizima, siyo ya kichwa. Kama shida ni kuvuka Canal Grande tu, panda traghetto, gondola ya kuvusha watu, yuro 2.

Hayo mengine watakujibu wengine. Wewe bandika anwani kamili ya hiyo hoteli hapa, nikuangalizie. Na kama umeshalipa, kasome masharti ya kughairi leo hii, maana hizo bei za nusu huwa na saa ya mwisho.